Henza Iko Wapi?

Mwaka 2014 nilinunua mashua ya tanga nikiwa naishi Pasua, Moshi, mahali ambapo maji mengi tuliyozoea kuyaona ni ya mfereji. Aliyeniuzia alikuwa mtaalamu wa kahawa aliyekuwa akifungasha kurudi kwao Ulaya. Kusema kweli nilikwenda kununua friji. Friji nikakuta imeshachukuliwa, nikarudi na mashua.

Ilikuwa Laser, vile vidogo vya faiba vya kupanda mtu mmoja. Urefu mita 4.2, na bodi peke yake haifiki kilo 60, kwa hiyo vijana wawili waliishusha kwenye pikapu bila jasho na kuilaza chini ya mparachichi. Kufika jioni nilikuwa nimeshapata jina jipya mtaani. "Nuhu, mvua lini?"

Nilipewa pia tanga, mlingoti wa vipande viwili vya alumini, na ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa kamba, vyuma na vidude vya plastiki. Mwenyewe alinielekeza huku akifunga maboksi: hii inaingia hapa, ile pale. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi asiyetaka kuulizwa swali. Nilipofika nyumbani nilikuwa nakumbuka jambo moja tu, kwamba ule ubao mpana unachomekwa katikati.

Wiki hiyo hiyo baba mkwe akaingia kutoka Pangani. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitalini KCMC walikuwa wamempangia tarehe ya upasuaji wa jicho la kwanza. Maisha yake yote alikuwa nahodha wa mashua za mizigo. Sasa alishinda barazani kwangu, anaona mwanga na vivuli tu, analalamikia baridi ya mlima. Nilichelewa kumwambia. Si jambo rahisi kumweleza mkweo kwamba umetumia milioni moja na laki mbili kwa kitu kilicholala chini ya mparachichi. Lakini hakuuliza bei.

"Ina mkuku?" akauliza, yaani ule uti wa chini kabisa wa mashua.

"Sijui, baba."

"Nipeleke."

Tukamwekea kigoda, nikamwaga ndoo kwenye mkeka mbele yake. Akaanza na bodi. Aliipapasa kuanzia omo, yaani mbele, taratibu, viganja vyote viwili, kama anayempima mgonjwa homa. Faiba haikumpendeza. "Haina mataruma? Haina hata mbao moja ya kukalafatiwa?" Alizoea mashua zenye mbavu za mti na nyufa za kuzibwa kwa pamba. Alipofika tezi, yaani nyuma, kidole gumba kikazama kwenye kitundu. Akanyamaza kidogo.

"Nguruzi iko wapi?"

Ndipo nilipolijua neno hilo. Nikatafuta kwenye mkeka, nikamletea kizibo cheupe cha plastiki chenye nyuzi za kukazia. Akakikaza mwenyewe, akakifungua, akaomba uzi, akakifunga pale pale kwenye mashua kisipotee. Ni kizibo cha ukubwa wa kifuniko cha soda, ila baadaye nilikuja kuelewa: bodi ile ni tupu ndani, ikiachwa wazi inakunywa maji huku wewe unaona mambo yote yako sawa.

Baada ya hapo mkeka ukawa wake. Niliyokuwa nikiyaita makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, aliyaita roda, akazungusha kila moja karibu na sikio akisikiliza mchanga. Usukani aliutambua mara moja, na mpini wake, kana, alinifundisha kuutamka. Kasoro yake ni kwamba kana hiyo ilikuwa na fimbo nyingine nyembamba imeungwa mbele kwa kiungo cha mpira. "Kana ina mkia," akasema, na hakuupenda mkia wenyewe. Ubao wa katikati aliucheka. "Mkuku wa kuchomoa! Usiku ukiibiwa?" Kazi yake lakini hakuhitaji kuambiwa: bila huo, mashua inakwenda upande kama kaa.

Kwenye sakafu ya pale pa kukalia palikuwa na mkanda mpana, umefungwa mbele na nyuma. Mimi nilidhani ni wa kufungia mizigo. Yeye akaniambia niingie ndani, nichomeke miguu chini yake, nijilaze nje kwa mgongo. Nikafanya hivyo, mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wamepanda ukuta kutazama.

"Unaona? Ngalawa ina matengo huku na huku ya kuizuia isipinduke," akasema. "Hii wameinyima. Matengo ni wewe."

Kilichomchanganya ni kifaa kimoja cha sakafuni, mdomo mdogo unaofunguka kuelekea chini. Niliwasha simu nikasoma: mashua ikishika kasi, maji yanayopita chini yanayanyonya yale yaliyoingia ndani, yanatoka yenyewe. Yeye alianza kazi akiwa mtoto wa kufua ngama, anachota maji machafu kwa upo tangu alfajiri. Alikigusa kile kidude kwa muda mrefu. "Na mtoto ataanzia wapi kazi?" akauliza, nami sikuwa na jibu.

Kuna kijikamba kingine cha kuvutia tanga chini karibu na mlingoti, ambacho simu iliniambia kinaitwa Cunningham, kwa jina la Mmarekani Briggs Cunningham, nahodha wa Columbia iliyoshinda Kombe la America mwaka 1958. Baba mkwe akashangaa kamba kupewa jina la mtu. "Alikuwa na cheo huyo."

Halafu kikaja kipande kimoja cha alumini chenye matundu mawili. Kwa nusu saa nzima tulikipangia kazi. Mimi nikasema ni cha mlingoti, yeye akasema ni cha kushikia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, akanionyesha hata kamba inavyopita. Mke wangu akatoka na chai, akakiokota. "Na huu mshikio wa sufuria yangu nautafuta tangu Idi!" Mzee akanywa chai bila kusema neno.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwisho, na ni wa haki. Alipapasa mlingoti wote, kipande cha chini na cha juu, akarudia. "Henza iko wapi?" Kamba ya kutwekea tanga haikuwepo. Nikamletea tanga, akaukuta mfuko mrefu ubavuni, akaelewa kabla yangu: mlingoti unaingia mle kama mguu kwenye soksi, kisha unasimamishwa na tanga lake.

"Sasa upepo ukichafuka, unatuaje tanga?"

Nikasoma tena kwenye simu. Tanga halituliwi. Unaachia demani, tanga linapepea tu. Ukishindwa, mashua inapinduka, unapanda juu ya ule ubao wa katikati na kuuvuta kwa uzito wako, inasimama tena.

"Basi huyo ni punda," akasema. "Akikutupa, unampanda tena."

Alifanyiwa upasuaji, akapona vizuri. Wiki kadhaa baadaye tukaifunga mashua kwenye pikapu, tukapita Himo, tukashuka kuelekea Mwanga na kukata kulia kwenda bwawani Nyumba ya Mungu. Mzee alikuwa amevaa kanzu na kofia. Jina la mahali alilichukua lilivyo, na mke wangu hakutaka kumkosoa. Wavuvi waliacha nyavu zao za perege wakaja kutusaidia kubeba, nao wakaniuliza henza iko wapi.

Ilikuwa mara ya kwanza baba mkwe kuiona imesimama na tanga lake. Alivua miwani myeusi, akaitazama kwa lile jicho jipya, juu mpaka chini. Nikangoja aseme neno. Akafumba macho, akaanza kuipapasa kuanzia omo. Alipofika tezi alibonyeza nguruzi kwa kidole gumba, akaikaza robo mzunguko.

"Haya," akasema. "Shika demani."