Nilivyofanikiwa kutufanya tukosoane mafumbo ya chesi bila kununiana

Hapa Dodoma tuna kijiwe chetu cha chesi maeneo ya Makole, watu wa mchanganyiko, kuna wanafunzi wa UDOM, mafundi, bodaboda, dada mmoja mwalimu wa sekondari, na mzee mmoja mstaafu ambae drafti kacheza tangu ujana wake. Kinachopendwa zaidi pale sio hata gemu yenyewe, ni mafumbo, yani mtu anakaa kwake usiku anapanga kete, anachora kwenye daftari afu anakuja nalo, "weupe wanaanza, meti kwa miendo miwili", meti ni pale mfalme anaposhambuliwa na hana pa kukimbilia. Na karibu kila fumbo lina kafara ndani, huyu katoa malkia, yule katoa ngome. Nawaelewa kabisa, kwenye chesi hakuna kitu kitamu kama kumuachia mtu malkia bure kumbe ndo umemmaliza.

Shida ilikuwa kwenye kukosoa. Mmoja akisema "bovu hili" mwenye fumbo ananuna, mwingine akisifiwa "kali sana mkuu" hajui kasifiwa kwa lipi, ikafika hatua watu wenye mawazo mazuri kabisa wakaacha kuleta. Mi iliniuma, nikaomba upande wa mafumbo niuongoze mimi, wakakubali. Cha kwanza nikasema neno bovu na neno kali tusiyasikie tena, ukitaka kusema fumbo lina tundu nenda kwenye bodi ucheze huo mwendo unaolitoboa, huna mwendo basi bado huna hoja, endelea kutafuta. Hilo peke yake lilipunguza kelele sana, maana ukioneshwa mwendo kwa kete hakuna cha kubishana, unaangalia tu.

Ila bado watu walikuwa hawajui watafute nini, na hapa mzee ndo alinifungua macho. Siku moja alisema wengi wetu tumetokea kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima, nikikuwekea kete mdomoni huna ujanja unakula, afu mi nakula zako tatu. Kwenye chesi hakuna anaekulazimisha kula! Mtu anaweza akamuangalia malkia wako anavyong'aa pale akampita tu. Kwahiyo swali la kwanza nililoweka kwa kila fumbo la kafara likawa hili, asipokula je?

Mfano mzuri ni dogo mmoja wa chuo alivyoleta fumbo lililojengwa juu ya ule mtego wa Légal, yule Mfaransa aliyemfundisha Philidor, bingwa wa chesi, huko Paris karne ya 18. Kwenye bodi herufi ni safu wima na namba ni mstari wa kulala. Tembo wa weusi yuko g4 kambana farasi wa f3 ambae nyuma yake kuna malkia d1, weupe wana tembo c4 na farasi mwingine c3. Farasi wa f3 anaondoka kana kwamba hajali, anakula askari wa e5, tembo akimla malkia basi tembo wa c4 anakula f7 cheki, yani anamshambulia mfalme, mfalme anakimbilia e7, farasi wa c3 anaruka d5, meti. Watu walipiga makofi. Yule dada mwalimu akainuka taratibu akasema "dogo, mi malkia wako simtaki", akachukua farasi mweusi aliyekuwa c6 akamla farasi wa e5. Kimya. Maana huyo farasi sasa anamlinda na tembo wa g4, weupe wametoa farasi wamepata askari mmoja tu, hakuna kafara hapo ni hasara.

Angalia lakini uzuri wa kukosoa kwa kete, dogo hakununa, alianza palepale kutafuta dawa. Akamtoa yule farasi wa c6 akamrudisha nyumbani kwake b8, badala yake akasogeza askari mweusi g6. Sasa e5 hakuna wa kula isipokuwa askari wa d6, na akila, malkia anamchukua tembo wa g4 na weupe wanabaki wamezidi askari mmoja. Yani weusi wakimla malkia wanakufa, wasipomla bado wako chini. Hilo ndo fumbo, na alilimaliza mwenyewe.

Swali la pili ni gumu zaidi, bila kafara je? Kaka mmoja wa bodaboda alileta hili hapa. Weupe mfalme g1, malkia b5, ngome e1, askari f2, g2, h2. Weusi mfalme g8, malkia c2, ngome d8, askari f7, g7, h7. Jibu lake malkia anaenda e8 cheki, ngome inamla, ngome ya e1 inakula e8, meti. Ni kweli kabisa meti, na weusi hawana pa kukwepa. Mzee akaangalia weee, afu akasema "Mwanangu, mbona ngome nayo inafika e8?" Akaisogeza ngome kwanza, ngome ya weusi ikala, malkia akala, meti ileile miendo ileile, malkia yuko hai. Sasa kama mlango mwingine uko wazi na hauna gharama, malkia anakufa kwa ajili ya nani? Kwangu mimi hili ndo tundu kubwa kuliko yote kwenye mafumbo yetu, kafara ya pambo.

Kaka akajibu "shikamoo mzee, nimekupata", akaondoka na daftari lake, na marekebisho aliyorudi nayo mpaka leo nayaonesha kwa wageni. Malkia kamuweka e4, mbele ya ngome ya e1, kwahiyo ngome haiwezi kutangulia hata ikitaka. Ila malkia akiwa e4 anamuona malkia mweusi pale c2 bure, ataliwa na fumbo litakufa, basi huyo mweusi akamhamishia b2 na akamuongezea askari a3 anayekaribia mwisho wa bodi ageuke malkia, ili weupe wawe na haraka kweli. Jaribu kutafuta meti nyingine ya miendo miwili hapo tofauti na malkia e8, huipati.

Programu za kompyuta za kuchambua chesi kama Stockfish tunatumia, ila baada ya macho, sio kabla. Na tunaiwekea ioneshe njia mbili tatu kwa pamoja sio moja, njia ya pili nayo ikiwa ni meti kwa idadi ileile basi tundu lipo.

Kuna wanaosema "hili wazo umeliiba". Hapa huwa nasimama kumtetea mwenye fumbo, maana ile meti ya farasi ambayo mfalme anazibwa na kete zake mwenyewe imo mpaka kwenye kitabu cha Lucena cha Hispania cha mwaka 1497, tukikataa kila wazo la zamani tutapanga nini? Tunachouliza ni kama kete umezipanga wewe au umenakili bodi ya mtu nzima nzima. Umenakili, sema tu umeitoa wapi, tutalitatua pamoja na tutakushukuru kwa kulileta.