Panya mzee akiogelea vizuri, soma kwanza walivyompima

Ukikuta dai kwamba kirutubishi fulani kimerudisha kumbukumbu ya panya wazee, anza na bwawa. Kipimo kinachotumika sana ni kile alichobuni Richard Morris miaka ya 1980: tangi la duara, maji yaliyotiwa weupe, na jukwaa dogo lililofichwa sentimita 1 au 2 chini ya uso wa maji. Panya hulitafuta kwa kufuata alama za ukutani, mara nne hivi kwa siku, siku kadhaa mfululizo. Kisha jukwaa huondolewa, ionekane kama ataendelea kuzunguka pale lilipokuwa.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu sekunde tu. Misuli ya panya mzee imelegea. Atachelewa hata kama njia anaikumbuka. Kwa hiyo tafuta umbali aliouogelea, pamoja na kasi yake. Macho nayo hudanganya: Fischer 344, aina inayotumika mno katika utafiti wa uzee, ni zeruzeru na huona hafifu. Wasipopimwa pia kwa jukwaa linaloonekana, upofu utahesabiwa kuwa usahaulifu. Maji yakiwa baridi mno, wazee hupoa mwili upesi kuliko vijana, nao huacha kutafuta.

Mwaka 1999, mtafiti James Joseph na wenzake walichapisha jaribio la kuwalisha Fischer 344 wa miezi 19, kwa wiki nane, dondoo (viini vilivyokamuliwa) za mchicha, stroberi na buluberi. Wa buluberi waliimarika hata katika kujisawazisha mwili na mwendo. Ni matokeo ya kutia moyo, na ndiyo sababu hasa kasi isiachwe nje ya hesabu.

Chakula nacho kina mtego wake. Dondoo ikiwa chungu, panya hula kidogo na kukonda, na kupunguziwa chakula peke yake hubadilisha kasi ya kuzeeka. Uzito na ulaji vipimwe kila wiki. Ikibidi, kundi linganishi lipewe kiasi kilekile walichokula wenzao.

Dozi ya panya usiihamishe moja kwa moja kwa binadamu kwa kuzidisha kilo tu. Kwa makadirio ya eneo la ngozi, dozi ya panya wa jamii kubwa (rat) hugawanywa kwa 6.2, ya panya wa jamii ndogo (mouse) kwa 12.3. Miligramu 30 kwa kila kilo ya rat huwa kama 290 kwa mtu wa kilo 60, wala si 1,800. Hata hiyo 290 ni makadirio ya kuanzia hesabu za majaribio ya binadamu. Haijawa dozi ya kumeza nyumbani.