Nilivyomshawishi baba mkubwa akubali kupimwa vinasaba

Berlin, Ujerumani, walikuwa wanalinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa kwetu enzi za ukoloni na vya ndugu walio hai. Vinasaba vilivyotakiwa ni vile vinavyopita kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, kwa hiyo mimi, mwanamke, sikuwa na la kutoa. Aliyebaki kwenye mstari huo katika ukoo wetu wa Old Moshi, Kilimanjaro, ni baba mkubwa, naye alikwisha kuapa kwamba Mjerumani hapati hata tone la mate yake.

Alikuwa na haki. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, na wenzake 18 walinyongwa hapa hapa, na kwetu tumesimuliwa tangu utotoni kwamba yupo mzee wetu aliyezikwa bila kichwa. Berlin kuna mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Mengi ni ya Rwanda, yetu ni kama 200.

Nilianza na Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambaye fuvu lake lilirudi mwaka 1954. Hakutikisika. "Yule chifu mkubwa, mwanangu, tena Mwingereza ndiye aliyemdai."

Nikamletea habari za Waainu, wenyeji wa Hokkaido huko Japani. Mwaka 1879 msafiri wa Kijerumani aliiba fuvu makaburini Sapporo usiku, na habari za wizi wake zikachapishwa Berlin. Maandishi hayo ndiyo yaliyofanya lirudishwe mwaka 2017. Baba mkubwa akacheka: "Mwizi kaacha risiti!"

Swali lililokuwa likimkaba alilitoa siku nyingine, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. "Na kipimo kikikataa? Mifupa inabaki kabatini?"

Hapo Waainu walinifaa kweli. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walifukua makaburi yao, na baadaye wenye wafu wao wakaambiwa mifupa itakabidhiwa tu kwa mrithi mmoja anayesimamia ibada, ilhali kwao mazishi ni shughuli ya kijiji. Wakaenda mahakamani. Yakafikiwa mapatano, na mwaka 2016 mabaki ya watu 12 yakakabidhiwa jumuiya yao na kuzikwa Urakawa.

"Basi tuandike hivyo," akasema. "Kikikataa, wapewe Old Moshi."

Tukaandika barua. Siku ya kupimwa alitaka fomu isomwe yote kwa Kiswahili, akasimamisha usomaji kwenye kipengele cha matumizi ya sampuli mpaka ikaongezwa kwa kalamu kwamba haitatumika kwa utafiti mwingine. Ndipo akavua kofia, akafungua mdomo, kijiti cha pamba kikapita shavuni. Kazi ya dakika moja, baada ya ubishi wote ule!

Mwaka 2023 Berlin ilitangaza matokeo ya mafuvu manane. Moja, lililokuwa limeandikwa "Akida", lilioana kabisa na ndugu walio hai, na mawili yakakaribiana. Sisi hatukuwamo. Baba mkubwa aliniagiza nitoe nakala za barua yetu, akaenda nazo mwenyewe kwa wazee wa koo nyingine, hata wale tusiosalimiana nao vizuri kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Wengi wametia sahihi.