Saa ya babu ilivyoacha kukimbia

Nina Omega Seamaster ya miaka ya 1960, mashine namba 552, aliyoivaa babu hadi uzeeni. Uso umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Chini yake herufi mbili za T zimeyabana maneno SWISS MADE: alama za kung'aa gizani ni za tritiamu, kitu chenye mnururisho. Haziwaki tena, maana tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 hivi.

Mwezi uliopita ikaanza kukimbia, dakika 12 mbele kila siku. Fundi wa kwanza hata hakuifungua. "Mdogo wangu, niachie. Naipaka uso rangi, naing'arisha kava, itoke kama mpya." Kama mpya! Kwa sisi wakusanyaji, tunaothamini saa ibaki na uso wake wa asili, hilo ni tusi. Nikaichukua, nikaondoka.

Nyumbani nikakumbuka: usiku nilikuwa nailaza juu ya spika ya redio. Nikaisogezea dira, sindano ikacheza. Sumaku. Ile springi nyembamba kama unywele inayoongoza mwendo wa saa, mizunguko yake ikinatana kwa sumaku, huwa kama imefupishwa, na saa huenda mbio.

Fundi wa pili, mzee mkimya, alikuwa na kifaa cha kuondoa sumaku. Akaiweka juu, akabonyeza kitufe, akaiinua polepole mpaka mkono ukanyooka, ndipo akaachia. Ukiachia mapema, sumaku inaweza kubaki. Hata dakika haikuisha.

"Nikupe ngapi, mzee wangu?"

"Ya chai tu."

Sasa inazidi sekunde 15 kwa siku, na uso haukuguswa. Usiku inalala kwenye kisanduku cha mbao.