Jina la tovuti yangu lilikuwa la mtu mwingine

Machi 2017 barua pepe za wageni zilikatika ghafla. Napandisha watalii Kilimanjaro kutokea Moshi, na barua pepe ndiyo duka langu. Nikampigia kijana aliyenitengenezea tovuti. "Mzee, tumalizane kwanza," akasema, akataja milioni moja na nusu.

Nilidhani anatania. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti na barua pepe zangu, nimelilipia miaka minne, meseji za M-Pesa ninazo! Rafiki yangu akanifungulia kumbukumbu za usajili, siku zile zilikuwa bado wazi kwa kila mtu. Mwenye jina: yeye. Anwani ya barua pepe: yake. Mimi sikuwemo kabisa.

Nikaulizia njia ya kushtaki. Majina ya .com yana utaratibu wake wa kuamua migogoro tangu 1999, na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama za biashara kule Geneva, ni miongoni mwa wanaosikiliza kesi hizo. Ada ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, zaidi ya shilingi milioni tatu wakati ule. Tena uthibitishe mambo matatu, yote: jina linafanana na alama yako ya biashara, aliyelishika hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kwenye nia mbaya ndipo nilipokwama, maana alilisajili kwa kutumwa na mimi. Na cheti changu cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kilikuwa cha jina la biashara, si cha alama ya biashara; miaka yote nilijua ni kitu kimoja.

Muda wa jina ulikuwa unakaribia kuisha. Likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, siku tano nyingine, kisha yeyote analibeba.

Nikaenda kwa mjomba wake, fundi cherehani soko la Mbuyuni. Tukakaa watatu. Kumbe kweli nadaiwa: laki mbili za kazi ya mwanzo, nilizozizuia kwa sababu picha zilichelewa. Mimi nilisahau, yeye hakusahau. Nikalipa pamoja na ada ya mwaka, mjomba akikodolea simu zote mbili. Jioni ileile akabadilisha mwenye jina, nami nikathibitisha kwa barua pepe yangu. Kuhamia kwa msajili mwingine, yaani kampuni nyingine ya kusajili majina, nikasubiri siku 60, ndivyo kanuni ilivyotaka.

Jina jingine, la .co.tz, nimelisajili mwenyewe. Nywila ameiandika mke wangu kwenye daftari la hesabu. Tovuti bado anaishughulikia kijana yuleyule.