Sahani ya Udongo Kabla ya Harusi ya Kiyahudi

Bilauri inayopondwa kwa mguu siku ya harusi ya Kiyahudi inajulikana na wengi. Sahani inayovunjwa na mama wa binti pamoja na mama wa kijana haijulikani sana, na kwangu ndiyo yenye uzito.

Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, posa ikikubaliwa ndugu hukutana upesi, mara nyingi usiku huohuo, wakanywa kidogo na kutakiana heri. Mkutano huo huitwa lehaimu. Baada ya siku chache huja vorti, sherehe kubwa zaidi. Ni jina la Kiyidi, maana yake "neno". Pande mbili zimepeana neno. Kuandika neno hilo ni hatua nyingine: hati ya tenaimu, yaani masharti. Hutaja tarehe ya harusi, nani anagharamia nini, na faini ya atakayejitoa. Watoa ahadi huinua kitambaa wanachokabidhiwa kuonyesha wamekubali, kisha mashahidi wawili wanatia saini. Mashahidi wasiwe ndugu wa maharusi, wala wasiwe ndugu wao kwa wao. Hapa ndipo watu hukosea, wanampa mjomba kalamu kwa heshima, kumbe mjomba hafai. Mpeni mjomba aisome hati kwa sauti. Hiyo nayo ni heshima.

Ikishasomwa hadi mwisho, mama hao wawili wanaishika sahani pamoja na kuivunja. Iwe ya udongo au kauri. Kioo kikivunjika huyeyushwa kikaundwa upya, lakini udongo uliochomwa haurudi, na ahadi hii nayo haitakiwi kurudi nyuma. Chagueni sahani nyembamba. Zile nene za ukumbini hukataa kuvunjika, mama wa watu wakagonga mara nne huku wageni wamenyamaza. Marabi wengine hushauri ile iliyokwisha pata ufa, kwa kuwa Torati inakataza kuharibu kitu kizima bure. Ifungwe ndani ya kitambaa kizito, mdomo ukazwe, igongwe katikati kwenye ukingo wa kiti cha mbao. Vipande hugawiwa marafiki ambao hawajaoa wala kuolewa, kwa kuombeana heri. Kila kimoja kifungwe kwa karatasi, maana kauri hukata kama wembe.

Kwa kuwa kuvunja ahadi ya tenaimu ni kosa zito, jamii nyingi sasa huiandika siku ya harusi yenyewe, muda mfupi kabla ya maharusi kwenda kusimama chini ya hupa, ule mwavuli wa kitambaa. Naona ni busara. Uchumba ukivunjika katikati, hakuna hati ya kumfunga mtu.

Pete nayo ina mtego wake. Kisheria, mwanamume humuoa mwanamke kwa kumpa kitu chenye thamani mbele ya mashahidi wawili wanaofaa, akitamka maneno ya ndoa. Kijana akimvisha mchumba wake pete mbele ya ukumbi mzima huku akitania kwa maneno hayo, linazuka swali kama tayari wameshaoana. Wakiachana baadaye, rabi anaweza kudai hati kamili ya talaka. Ni salama zaidi ampe wakiwa wawili tu, na maneno yale ayaache. Pete ya uchumba inaweza kuwa na almasi. Ya ndoa huwa tupu, bila jiwe, ili thamani yake isiwe na utata.

Sabato ya kabla ya harusi, bwana harusi wa Kiashkenazi huitwa mbele sinagogini Torati inaposomwa, atamke baraka. Hiyo ni aufrufu, na hapo hurushiwa peremende na njugu. Nunueni laini, zilizofungwa moja moja. Ngumu huumiza macho. Watoto wazuiwe mpaka amalize baraka ya mwisho, la sivyo kelele huimeza. Bibi harusi mara nyingi hayupo, kwa sababu wengi hawaonani wiki nzima kabla ya harusi.

Kwa Wayahudi wa Moroko, Yemeni na Iraki, usiku mkubwa ni wa hina. Unga hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa saa kadhaa utoe rangi; ukikorogwa wageni wakiwa mlangoni, hutoka rangi ya chungwa hafifu. Donge huwekwa kiganjani, mkono ukafungwa kitambaa. Hina nyeusi ya dukani iachwe, nyingi ina kemikali inayounguza ngozi.

Kabla ya harusi bibi harusi huzama katika mikve, birika la maji ya mvua au chemchemi, na mwilini pasiwe na kitu kinachozuia maji. Rangi ya hina haizuii, kwa kuwa haina unene. Hina yenyewe inazuia. Kwa hiyo viganja husuguliwa, kucha hukatwa na kukaguliwa moja moja, kwani hata punje iliyokaukia chini ya ukucha mmoja yaweza kumlazimu atoke, aisafishe, azame tena.