Chumvi humuua nani?

Tumezoea kusema kwamba chumvi huzuia samaki asioze kwa kuwa huua bakteria, nami naona kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Kiumbe wa seli moja aliyezoea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kama vile paramesi, huingiwa na maji mchana kutwa, naye huyatoa kwa kivimbe kidogo kinachojaa na kusinyaa. Ukiongeza chumvi kidogo chini ya hadubini, mapigo ya kivimbe hicho hupungua, na ukizidisha, maji huvutwa nje ya seli hadi ikanywea.

Lakini wapo wanaoipenda. Mwani uitwao Dunaliella salina, ambao hauna hata ukuta mgumu wa seli, hujitengenezea gliseroli, kimiminika kizito na kitamu, ndani yake ili kulingana na ukali wa maji ya nje. Halobakteria, vijidudu vya seli moja vinavyoishi katika chumvi kali, wamechagua njia nyingine, kwani hujisheheneza potasiamu, na protini zao zimeumbika kufanya kazi katika chumvi nyingi tu, kiasi kwamba wakitiwa katika maji baridi hupasuka. Hao ndio huyapaka rangi ya waridi mabwawa ya kuvunia chumvi, na madoa mekundu juu ya ng'onda aliyehifadhiwa vibaya mara nyingi ni yao.

Aina ya chumvi nayo ina uzito wake: katika Bahari ya Chumvi, kule kati ya Yordani na Israeli, magnesiamu ni nyingi mno, na hata hao wapenda chumvi hustawi pale tu mvua kubwa zinapoyazimua maji ya juu, kama ilivyotokea mwaka 1980.